Moshi mweusi, lori halina nguvu: tafuta chanzo cha kaboni kabla ya kuisafisha

Lori likianza kutoa moshi mweusi mlimani na kula dizeli kupita ilivyozoeleka, gereji nyingi hufungua, husafisha na kufunga. Mwezi mmoja baadaye moshi umerudi, na mwenye gari anaambiwa anunue nozeli, yaani vipulizio vya dizeli. Masizi hayaji bure. Ni dizeli ambayo haikuungua ikaisha, au oili iliyopita mahali isipotakiwa kupita. Silinda ya dizeli inataka hewa ya kutosha, mafuta yaliyopulizwa kama ukungu, joto, na ringi za pistoni zinazoziba vizuri. Kimojawapo kikipungua, kaboni inaanza kujengeka, na itaendelea kujengeka hata ukiisafisha kila wiki mpaka umpate mhusika.

Mwongozo huu ni wa malori yanayofanya kazi kwetu: yale ya zamani yenye pampu ya kawaida, na yale yanayoingia kutoka Ulaya yakiwa yametumika, yenye komon reli (reli moja ya dizeli ya presha kubwa inayolisha nozeli zote), EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye hewa) na DPF (kichujio cha masizi kwenye ekzosi). Vipimo vya kukaza na nafasi za tapeti vifuate kitabu cha injini yako. Namba tulizoweka hapa ni za kukuongoza kwenye utafutaji.

Soma masizi kwanza

Zima injini, iache ipoe, kisha fungua mpira unaotoka intakula (rejeta inayopoza hewa ya turbo) kwenda kwenye manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Ingiza kidole na ukipitishe ukutani mwa bomba. Mafuta mepesi kidogo yanayoacha weusi wa mbali ni kawaida, kwa sababu mvuke wa oili hupita kwenye turbo. Ukikuta oili inayotiririka, turbo inavujisha au mfumo wa kupumulia wa injini umeziba. Ukikuta ute mweusi mzito kama lami, unaonata na kuacha alama ya kidole, hiyo ni oili iliyokutana na masizi ya EGR. Na vumbi la kahawia linalokwaruza kati ya vidole ni habari mbaya kuliko zote: hewa inaingia bila kuchujwa, na laina (kuta za silinda) zinaliwa wakati unasoma haya.

Sasa angalia mwisho wa ekzosi. Masizi makavu, laini, yanayopukutika ni ya dizeli nyingi au hewa pungufu. Masizi yenye unyevu na harufu ya dizeli mbichi ni ya injini inayofanya kazi ikiwa baridi au nozeli inayodondosha. Yakiwa na mng'ao wa mafuta, oili inapita kwenye ringi, gaidi za valvu au turbo. Ukiona chumvi nyeupe ngumu karibu na bomba la AdBlue (maji ya urea yanayosafisha moshi), hiyo si kaboni, ni fuwele za urea. Huyeyuka kwa maji ya moto, na chanzo chake ni nozeli ya AdBlue au ekzosi isiyofikia joto.

Moshi mweusi lori likiwa na mzigo

Anza na hewa, kwa sababu ndiyo rahisi kupima. Malori mengi yana kiashiria kidogo kwenye bomba la fita ya hewa. Kikiwa chekundu, fita imeziba. Ukiwa na geji, mvuto unaozidi milibari 60 hivi injini ikivuta kwa nguvu zote unamaanisha fita imekwisha. Fita ya nje inaweza kupulizwa kwa hewa isiyozidi bar 2, kutoka ndani kwenda nje. Usiigonge kwenye tairi: karatasi hupata nyufa ambazo huzioni, lakini vumbi linaziona. Fita ndogo ya ndani haisafishwi kabisa, hubadilishwa.

Kinachofuata ni uvujaji baada ya turbo. Mpira wa intakula uliochanika upande wa chini hauonekani mpaka uubonyeze, na injini ikiwa imepumzika unajifunga wenyewe. Ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye vali, jaza hewa ya bar 1 hadi 1.5, halafu pita na maji ya sabuni kwenye kila klampu, kila mpira na kona zote za intakula. Mapovu yakitoka, umepata. Kazi hii inachukua nusu saa, na imewaepusha wengi kununua turbo wasiyoihitaji.

Kama hewa iko sawa, geukia dizeli. Kwenye injini za pampu ya kawaida, kagua lakiri ya skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta. Fundi aliyeombwa "aongeze nguvu" huizungusha, na lori kweli linavuta zaidi kwa siku chache. Dizeli inayozidi haina hewa ya kuungulia. Inatoka kama moshi, inapandisha joto la ekzosi na kubandika kaboni juu ya pistoni. Dawa ni pampu ipelekwe kwenye benchi irudishwe kwenye kipimo chake. Hapohapo kagua muda wa pampu na nafasi za tapeti.

Kuna sehemu moja inayosahaulika mno: breki ya ekzosi, yaani ile bamba inayoziba bomba la moshi ukishuka mlima. Kaboni ikijaa kwenye ekseli yake, bamba hukwama nusu. Injini inasukuma moshi dhidi ya ukuta, turbo haipandi, joto linaongezeka, na fundi anafungua silinda hedi bure. Zima injini, tenganisha silinda yake ya hewa, uizungushe bamba kwa mkono. Inatakiwa iende na kurudi bila kushika. Ikishika, iondoe, isafishe kwa brashi ya waya na kilainishi kinachostahimili joto.

Mwisho ni dereva. Kupanda mlima Kitonga kwa gea kubwa, resi zikiwa chini na mguu umekanyaga mpaka sakafuni, kunatoa moshi hata kwenye injini mpya, kwa sababu turbo haijapata kasi ya kuleta hewa. Shusha gea mapema, weka sindano ya geji ya resi kwenye eneo la kijani.

Oili inapungua, moshi wa bluu, injini inapumua kwa nguvu

Hapa ndipo foleni zinapotudhuru. Lori linalongoja mpakani Kasumbalesa au Tunduma injini ikiunguruma masaa mengi, ili tu betri zisiishe au dereva apate ubaridi, halitengenezi joto la kutosha ndani ya silinda. Dizeli haiungui yote. Inaoshea ukuta wa laina, inaingia kwenye oili, na mabaki yake hukauka ndani ya mifereji ya ringi. Ringi ikigandamana na mfereji wake haitanuki tena. Oili inapanda juu, moshi unashuka chini, na kila upande unazidisha kaboni ya mwenzake.

Jambo la pili linalofanya injini iwe baridi ni letu wenyewe: kutoa themostati, ile valvu inayodhibiti joto la maji. Hufanywa kwa nia njema, gari likichemsha. Lakini injini ya lori imeundwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Bila themostati, ukishuka mlima au ukienda bila mzigo inaweza kubaki chini ya 70, na kaboni hupenda sana hali hiyo. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayofunga njia fupi ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi mzigoni. Irudishe. Kama linachemsha, tafuta rejeta iliyoziba, feni isiyoshika au pampu ya maji.

Kutofautisha ringi na vyanzo vingine, fanya hivi. Injini ikiwa ya moto, toa nozeli ya silinda unayoishuku, peleka pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, zuia flaiwili isizunguke, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la nozeli. Sasa sikiliza. Hewa ikipuliza kwenye mdomo wa kujazia oili, inapita kwenye ringi. Ikisikika kwenye bomba la hewa, valvu ya kuingiza haikai. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea, mara nyingi kipande cha kaboni kimekwama kwenye kiti chake. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka. Kipimo cha kompresheni nacho kinasaidia, lakini linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, ianzie hapo.

Watu hupenda kumwaga dawa kwenye tundu la nozeli ili kulegeza ringi. Fikiria umbo la pistoni ya dizeli: juu yake kuna bakuli. Dawa inajaa kwenye bakuli, na kidogo sana hufika pembeni penye ringi. Kibaya zaidi, nafasi iliyobaki pistoni ikiwa juu ni ndogo mno, na kimiminika hakibonyezeki. Ukifunga nozeli na kupiga stata ukiwa na dawa ndani, unakunja konektingi rodi (mkono wa pistoni). Ringi zilizoganda kweli dawa yake ni kushusha injini, kutoa pistoni, kusafisha mifereji bila kuipanua, na kuweka ringi mpya. Laina iliyong'aa kama kioo ipigwe honi, yaani ikwaruzwe kwa kifaa chake ibaki na mikwaruzo ya kukatana, au ibadilishwe. Ringi mpya kwenye laina inayong'aa hazitakaa, na oili itaendelea kuliwa.

Usimwage mafuta ya taa kwenye oili "ili isafishe" na kuendesha. Yanaipunguza nguvu ya kubeba beringi, na uchafu unaobanduka unakwenda kuziba kichujio kilicho chini ndani ya sampu (beseni la oili).

Kama bado uko mwanzoni, tazama oili kwa karatasi. Chukua tone moja la oili ya moto kutoka kwenye kijiti cha kupimia, lidondoshe kwenye karatasi nyeupe inayofyonza, liache usiku kucha mahali palipo tambarare. Doa likisambaa kwa rangi inayofifia taratibu kuelekea nje, oili bado inayabeba masizi. Likibaki duara jeusi tititi katikati lenye ukingo mkali, huku pembeni ni mafuta matupu, oili imeshindwa na masizi yanaanza kutua ndani ya injini. Imwage, hata kama kilomita hazijafika.

Injini inatikisika asubuhi, moshi mweupe, halafu inatulia

Nozeli. Ikidondosha badala ya kupuliza, dizeli inaungua kwenye ncha yenyewe na kujenga kofia ya kaboni kuzunguka matundu. Kofia hiyo inapindisha mpulizo, unapiga ukuta wa laina, na kaboni inaongezeka.

Kwenye injini za zamani, legeza bomba la nozeli moja moja injini ikiwaka taratibu. Ile isiyobadilisha mlio ndiyo mgonjwa. Kwenye komon reli usifanye hivyo kamwe. Presha ya bar 1,600 na zaidi inapenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na mtu anaweza kupoteza mkono. Huko tumia mashine ya kusoma makosa: angalia marekebisho ya kila silinda na dizeli inayorudi.

Ukiitoa nozeli, tazama mwili wake. Kaboni ngumu nyeusi iliyopanda juu ya shingo inaonyesha washa ya shaba, ile pete inayoziba chini ya nozeli, ilikuwa ikivujisha. Tundu lake kwenye hedi lazima lisafishwe mpaka kiti king'ae: ziba chini kwa kitambaa kilichofungwa uzi, au paka grisi kwenye kikwanguo ili vumbi linase humo, geuza kwa mkono, vuta uchafu kwa vakyumu. Weka washa mpya, moja, ya unene uleule. Washa mbili zinainua nozeli, mpulizo unakosa bakuli la pistoni na kupiga ukingo. Washa ya zamani iliyopigwa moto ni ya dharura njiani, isiachwe humo.

Ncha yenyewe usiichokoe kwa waya. Matundu yake ni chini ya milimita 0.3, na kwenye komon reli ni madogo zaidi. Mkwaruzo mmoja unaharibu mpulizo. Ipelekwe kwenye benchi ipimwe na kusafishwa. Nozeli za komon reli zina kodi (namba ya utambulisho) iliyoandikwa juu. Ukibadilisha, kodi mpya iingizwe kwenye kompyuta ya injini, la sivyo mtikisiko unabaki.

Chunguza pia dizeli uliyopewa. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaachi kaboni kwa kuungua kwake, yanaharibu kwa ukavu: pampu na sindano za nozeli hukosa kilainishi, zinalika, kisha mpulizo unaharibika. Uchakachuaji huo ulipigwa vita Tanzania tangu 2010 kwa vinasaba vya mafuta (alama za kemikali), na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Oili chafu iliyomwagwa kwenye tangi la dizeli ni mbaya zaidi, maana hiyo inaacha jivu. Mwaga maji ya kitenganishi cha maji na dizeli kila asubuhi, na dizeli ya vidumu vya barabarani iachwe kabisa.

Ute mweusi kwenye manifoldi: EGR

EGR hurudisha sehemu ya moshi kwenye hewa ili kupunguza gesi chafu. Si kila lori la Ulaya linayo: Actros za Euro 5 zilitumia AdBlue bila EGR, ilhali MAN na Scania nyingi za Euro 4 ziliitegemea. Jua lako ni lipi kabla ya kuagiza vipuri.

Valvu ya EGR ikikwama wazi, lori linakosa nguvu resi zikiwa chini na linatoa moshi mweusi. Ikikwama imefungwa, mara nyingi utaona taa tu. Kama maji ya rejeta yanapungua bila tone chini, na masizi kwenye manifoldi yana unyevu au ukoko wa kahawia, kipoza cha EGR kimetoboka. Usisafishe chochote kabla ya kukipima kwa presha, kwa sababu maji hayohayo ndiyo yanayogandisha masizi na kuikamata valvu. Kikiachwa, yanaweza kujaa silinda usiku.

Kusafisha manifoldi vizuri ni kuitoa. Ziba njia za hewa kwenye hedi kwa vitambaa na uvihesabu vinavyoingia na kutoka. Kwangua ute kwa plastiki au mti, loweka kwa dawa ya kaboni inayoruhusiwa kwenye alumini kwa saa kadhaa, osha kwa maji ya moto, kausha kwa hewa mpaka pembe zote zikauke. Usitumie kostiki soda, inakula alumini. Sensa ya presha ya turbo itolewe na tundu lake lisafishwe, maana likiziba kompyuta inapokea namba ya uongo. Rudisha kwa gasketi mpya, ukikaza kutoka katikati kwenda pembeni kwa hatua mbili au tatu.

Kupulizia dawa ya kopo kwenye mdomo wa hewa injini ikiwaka ni hatari ambayo watu hawaambiwi. Injini ya dizeli inaunguza chochote kinachowaka kinachoingia na hewa. Dawa nyingi, au dimbwi la oili lililolala kwenye intakula, linaweza kupandisha resi bila kikomo, na kuzima swichi hakusaidii. Ikitokea, kuikata hewa ndiyo njia: ubao mgumu kwenye mdomo wa bomba, kamwe si mkono.

Baada ya kusafisha, tafuta oili ilitoka wapi. Kichujio cha mvuke wa injini kibadilishwe, na kijiti kisizidi alama ya juu.

Turbo inachelewa, breki ya injini dhaifu

Turbo yenye mabawa yanayojirekebisha hukwama kwa masizi na kutu, hasa lori likisimama wiki nyingi. Amuru kiendeshi chake kwa mashine ya kusoma makosa, kitembee mwanzo hadi mwisho. Kikisita palepale kila mara, mabawa yanashika. Fungua upande wa ekzosi na usafishe pete na mabawa kwa mkono; sehemu ya katikati yenye beringi isiloweshwe.

DPF inajaa kila mara

Masizi ndani ya DPF yanaungua, jivu haliungui. Jivu linatokana na viongezi vya oili, ndiyo maana injini yenye DPF inataka oili ya jivu dogo, kama ACEA E6 au API CK-4, si ile ya bei nafuu ya lori la zamani. Dizeli nayo ina nafasi yake: viwango vya Afrika Mashariki vilivyoanza 2015 viliruhusu salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya ni 10, na salfa inadhoofisha kichocheo kinachosaidia masizi kuungua yenyewe.

Ukichoma masizi lori likiwa limesimama, egesha mbali na nyasi kavu, watu na matangi. Moshi unatoka ukiwa na joto la nyuzi mia kadhaa, na kazi inachukua dakika 30 hadi 45. Usiikatize: dizeli iliyopulizwa hushuka kwenye oili, na kiwango kwenye kijiti kinapanda. Ikijaa tena baada ya siku chache, rudi kwenye turbo, nozeli na EGR. Ikijaa baada ya laki kadhaa za kilomita, ni jivu: itolewe, ipimwe uzito, iokwe kwenye tanuru na kupulizwa. Mashine ya kuoshea magari inabomoa kuta zake.

Kabla ya kulikabidhi lori

Andika presha ya turbo mzigoni, joto la maji, kiwango cha oili na dizeli kwa kilomita 100. Baada ya kilomita 1,000 fungua tena ule mpira wa intakula, upitishe kidole. Ukitoka na ute uleule, chanzo bado kiko ndani ya gari.